Sahani ya Kwanza

Mbaazi za petipwa zikianza kushika chini ya sufuria, pua yangu hujua kabla ya macho. Harufu yake ni tamu kidogo mwanzoni, kisha inageuka nzito na kukwama kooni. Hapa Lulimba, ambapo ninawapikia wachimba dhahabu kwa muda (mimi kila mahali huwa kwa muda), wanawake wenzangu wananicheka. Sufuria ikinuka, badala ya kuikimbilia ninasimama kwanza na kuvuta pumzi.

"Sifa, unaombea sufuria?" wananiuliza.

Siiombei. Ninakuwa nimerudi kwetu, kando ya barabara karibu na Mboko, mwaka ambao kila kitu kilipanda bei. Nilikuwa na miaka tisa, na wivu wa kunitosha mpaka uzeeni.

Mama alikwenda soko la Baraka, mji ulio kando ya ziwa, kila Jumamosi na kikapu kilekile. Mwanzoni kilirudi kimejaa, halafu kikarudi nusu, halafu siku moja kikarudi na nafasi ya kumlaza mtoto ndani. Nilipofuatana naye nilisikia maneno yaleyale kila duka.

"Baba, hii chumvi juma iliyopita haikukuwa hivi."

"Mama, dola imepanda."

"Mi nimekuja na dola hapa?"

"Hata kama. Imepanda."

Nyumbani kwetu sikuwahi kuiona dola hata moja, lakini tabia yake niliifahamu: ilijua kupanda, kushuka haikujua. Baba alikuwa huku huku Lulimba akichimba dhahabu, na alichotutumia zaidi ni salamu. Kwa hiyo Mama alipambana na dola peke yake. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, vipande vyembamba kama biskuti. Sukari aliacha kuitia kwenye chai. Alitumwagia kidogo kiganjani, tukawa tunalamba kwanza kisha tunakunywa chai juu yake haraka, kabla utamu haujaondoka ulimini. Na chupa ya mawese aliitoboa kifuniko kwa msumari, mafuta yakawa yanatoka tone kwa tone. Mimi na wadogo zangu wawili tulichuchumaa tukiyatazama yale matone mekundu yakianguka kwenye sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, na tone likichelewa tulimwonea huruma Mama, maana ilibidi ashike chupa imeinama muda wote huo.

Ndipo Mama Goreti alipoingia uani kwetu, mtoto mchanga mgongoni na beseni kichwani. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, na kambi yao ilikuwa nyuma ya mashamba yetu ya muhogo, mwendo wa mguu tu. Katika beseni mlikuwa na mbaazi za njano zilizopasuliwa katikati, zile walizogawiwa kambini, ambazo sote tuliziita petipwa. Alitaka kubadilishana na unga wa muhogo. Watoto wake, alisema, hawakushiba bila bugali, na mahindi waliyopewa yalihitaji pesa ya kusagisha, ambayo nayo ilikuwa imepanda.

Wakabadilishana. Kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Siku ya nne Mama alishika kiuno.

"Mama Goreti, tunachoma kuni bure. We unapika kule, mi napika huku. We uko na petipwa na mafuta, mi niko na bunga na sombe. Tupike sufuria moja."

Mama Goreti alicheka. "Na nani atapakua?"

"Mi. Ni kwangu."

Tukaanza kula pamoja kila alasiri, jua likiwa bado juu ya ziwa, ili wapate kurudi kambini mapema. Chakula kiliongezeka, siwezi kukataa. Petipwa zilichemka mpaka zikawa uji mzito wa dhahabu, na yale mafuta yao meupe ya kopo yalielea juu yakimetameta. Lakini Goreti, binti yake wa rika langu, mrefu, shingo kama ya korongo, alipakuliwa wa kwanza. Tena alipakuliwa kwenye sahani yangu.

Ilikuwa sahani ya bati iliyopakwa rangi nyeupe, na chini kabisa ilichorwa ua jekundu. Ukila vizuri ukamaliza, ua linatokea. Baba aliinunua Baraka mwezi mmoja uliokuwa mwema, na kwa kuwa mimi ni wa kwanza kuzaliwa, ua lilikuwa langu. Sasa niliketi upande wa pili wa moto nikimwangalia mtu mwingine akilifikia. Goreti alichotewa sehemu ya juu, palipo na mafuta. Akafuata mama yake, wakafuata wadogo zangu, kisha mimi, katika kifuniko cha sufuria, na mwiko ulikuwa tayari unakwangua. Changu kilikuwa ukoko. Baada yangu alibaki Mama, lakini wakati huo sikumhesabu.

"Mama, juu ya nini yeye njo wa kwanza?"

"Juu ya kuwa ni yeye."

Lilikuwa jibu gani hilo? Nilimaliza ukoko wangu, nikanyoosha kifuniko, nikaomba tena. Mama alinung'unika, akakwangua, akanipa. Niliomba tena kila siku. Goreti hakuomba tena hata siku moja, na mimi nilijua sababu: alikuwa ameshiba mafuta ya juu. Nilimchukia kwa kushiba kule. Nilimchukia pia siku Mama alipomsuka nywele akiimba polepole, maana mimi nilisukwa kwa kofi la kichwa na "tulia!"

Hata hivyo nilimuuliza maswali mengi, kwa sababu udadisi wangu haujawahi kununa. Nilitaka kujua hivi vitu vinatoka wapi. Goreti akaniambia kuna karti, yaani kadi ya chakula, na kila mwezi wanapanga foleni.

"Banaita jina, unaenda, banapima."

"Tu hivyo?"

"Tu hivyo."

"Na mutu mupya?"

"Banamuandika."

Basi nikaamua niandikwe. Nataka mnielewe: sikwenda kuiba. Niliona kuna mahali wanapoandika watoto, na mtoto aliyeandikwa anapata mafuta na sahani ya kwanza, na mimi nilikuwa nimesahauliwa. Siku ya ugawaji nilitoa kitenge kizuri cha Mama sandukuni, kile cha bluu cha kwenda kanisani, nikajifunga kama nilivyoona Warundi wakijifunga, nikapita mashambani.

Foleni ilikuwa ndefu, vumbi, watoto wachanga wanalia, makopo ya mafuta yamepangwa yanang'aa kiasi cha kuumiza macho. Niliingia kati ya mabibi wawili na hakuna aliyenifukuza. Kwenye meza alikaa kijana mwenye kofia, kalamu yake imefungwa kwa kamba.

"Jina?"

"Sifa."

"Famille gani?"

"Ya Mama Goreti. Mi nilisahauliwa."

"Kolini?"

Nikatazama ile kamba ya kalamu. Mrundi ukimuuliza kwao ni wapi, atakutajia kolini, yaani kilima. Kila mmoja ana kilima chake, na hata mtoto anayeanza kusema hukijua. Goreti hakuniambia, kama vile hakuna anayekuambia kwamba una kisigino.

"Kolini gani, mutoto?"

"Kolini... Baraka."

Foleni nzima ikapasuka.

"Ee Mungu, Baraka imekuwa mulima!" akasema bibi wa nyuma yangu.

"Na ziwa balilipeleka wapi?" akaitikia mwingine, wakashikana mabega kwa kicheko.

Kijana hakucheka. Mwezi ule walikuwa wamekamata watu wenye karti zisizo zao, na baadhi walipelekwa kufungiwa. Aliita jina la mama wa familia, na Mama Goreti akatoka katikati ya foleni, Goreti nyuma yake na mtoto mgongoni. Polisi aliyekaa karibu na magunia akasimama, akaweka mkanda wake sawa.

"Mama, huyu mutoto ni wako?" akauliza kijana.

Mama Goreti alimtazama polisi. Akanitazama mimi, na kitenge cha bluu ambacho alikifahamu vizuri. Angesema hapana, neno moja, akachukua vyake akaenda zake. Mkojo ulikuwa umeanza kunitoka.

"Tunakula ku sufuria moja," akasema.

Kijana akashusha kalamu. Ndiye aliyewafundisha maneno hayo siku ya kuwaandikisha: familia ni watu wanaokula kwenye sufuria moja.

"Hiyo sufuria iko wapi?"

"Kwa mama yake. Kule ku village."

"Ah. Basi muko na Bakongomani benye banabalisha." Akaichukua karti yake, akaiweka pembeni chini ya jiwe, pamoja na za watu wengine wa kuchunguzwa. "Utarudi mwezi ujao."

Mama Goreti alikunja gunia lake tupu mara nne, vizuri, kama mtu anayekunja shuka, akaliweka kichwani. Kisha akanishika mkono. Tulitembea hivyo mpaka kwetu, mimi na yeye mbele, Goreti nyuma na mtoto mzito. Goreti alisema jambo moja tu njiani, mgongoni kwangu:

"Umefurahi?"

Mama alisikiliza habari yote akiwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nilisubiri fimbo. Hakusimama.

"Bakakuuliza nini?" akasema mwishowe.

"Kolini."

Akasimama. Kisha akanivua kile kitenge, akakifua kwa kipande kizima cha sabuni, kile kipande chembamba cha juma zima, akakianika. Jumamosi akaenda nacho Baraka. Kikapu kilirudi na unga na chumvi, na kitenge hakikurudi.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Sufuria haikuvunjika, lakini ndani yake mlikuwa na sombe na maji, na lile tundu la msumari lilitoa tone, tukasubiri, likatoa lingine. Nami ningependa kuwaambia kwamba aibu iliufukuza wivu wangu. Haikuufukuza. Mama alimpakulia Goreti wa kwanza kama kawaida, kwenye ua langu, na mimi niliyewanyima wote chakula nilikaa na kifuniko nikichemka ndani.

Safari hii Goreti aliisukuma ile sahani kwangu, kwa nguvu, mchuzi ukamwagika.

"Chukua. Mama yangu alikushika mukono. We uko na bamama babili. Mi niko na sahani tu."

Nilishangaa sana. Sikujua kwamba kitu hiki kinaweza kuwa ndani ya mtu mwingine, tena kikielekea kwangu. Siku chache baadaye, tukichuma sombe pamoja bila kutazamana, nilimuuliza kilima chao ni kipi. "Gisanze," akasema. Nililiweka jina hilo kichwani. Karti ilirudishwa mwezi uliofuata, petipwa zikarudi, tukaendelea kula pamoja mpaka walipoamua kurejea kwao.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali. Nimeuza mandazi Baraka, nimeosha vyombo Kalemie, nimeanika ndagala, wale samaki wadogo, kwenye mchanga wa vijiji vingi. Nimekula kwenye nyumba za watu nisiowajua majina. Wanakupa kiti, wanakupa maji ya kunawa, wanakupa sahani nzuri, tena ya kwanza, kutoka juu ya sufuria. Unashukuru, unamaliza, na wanakuuliza kama umeshiba. Unasema umeshiba. Nimelala na njaa katika nyumba ambazo sufuria ilibaki na chakula, kwa sababu mgeni haombi tena. Ilinichukua nyumba nyingi kama hizo kuelewa kwa nini Goreti hakuomba hata siku moja, na kwamba Mama alikuwa ameliona hilo tangu siku ya kwanza. Mimi niliweza kungoja ukoko kwa kuwa nilikuwa na mdomo wa kudai. Aliyekosa mdomo huo ndiye aliyehitaji sahani ya juu.

Mwaka jana nilivuka kwenda Burundi na wafanyabiashara, na jina lile likanisumbua mpaka nikawaacha njiani nikauliza. Gisanze ipo. Ni kilima cha kawaida, migomba, kahawa kidogo, kisima chini bondeni, na nilipokipanda nilihema. Mama Goreti alikuwa uani anachambua maharage. Alinitazama, akaita ndani, "Goreti, kolini Baraka imefika!" wakacheka wote wawili mpaka kuku wakakimbia.

Huko nako kila kitu kilikuwa kimepanda. Nilimwona akichukua chupa ya mafuta, na kifuniko chake kilikuwa kimetobolewa kwa msumari.

Mwalimu wa kanisa alikuwa amekuja kuwatembelea. Chakula kilipoiva akapakuliwa wa kwanza, kwenye sahani ya kioo, kutoka juu. Wakafuata watoto wa Goreti, akafuata Goreti. Mwiko ukanipita tena na tena, na nikausikia ule wivu wa zamani ukinyanyua kichwa tumboni, mzima kabisa, kama hatukuachana. Nimetembea siku mbili, nikawaza. Hata mtoto wa mwisho amepata.

Kisha Mama Goreti akainamisha sufuria, akakwangua chini, akanipa ukoko kwenye kifuniko, bila kunitazama, akigombana na kuku.

Nilikula mpaka kifuniko kikang'aa. Nikakinyoosha.

"Ongeza," nikasema.

"Huyu hajabadilika," akasema Goreti.

Mama yake alinung'unika, akachukua mwiko, akakwangua tena.