Mafungu Chini ya Mikorosho

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi vibarua sita waliingia shambani kwa kaka yangu, huko Nkowe, na ndoo zao. Saa moja kasorobo walikuwa wametoka wote, wawili bila ndoo. Nilikuwa njiani nawapelekea chai. Walinipisha kwa upana kuliko njia ilivyohitaji, na yule mama aliyetangulia, ambaye kwa kawaida hanipiti bila mzaha, aliangalia chini.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Kaangalie mwenyewe. Si wewe uliyeandika?"

Nilikwenda. Chini ya mikorosho ya mstari wa kwanza korosho zilikuwa zimeshaokotwa, zimetenganishwa na mabibo na kuwekwa mafungu madogo, safi. Mafungu yalikuwa matano.

Hapa inabidi nikieleze kitabu. Naandika hadithi za kutisha. Shule niliishia darasa la saba. Kuandika nimejifunza kwa kusoma kila nilichokipata na kunakili kwa mkono kurasa zilizonitia hofu, ili nione hofu yenyewe imekaa kwenye sentensi ipi. Kitabu changu cha kwanza kilichapwa kwenye steshenari moja Nachingwea, kikabanwa kwa pini, na kuuzwa katika kibanda cha madaftari na sabuni sokoni Ruangwa. Hadithi ndefu kuliko zote humo ni ya mwanamke ambaye kila asubuhi anakuta korosho zake zimeshaokotwa na kuwekwa mafungu, fungu moja kwa kila mtu wa nyumba yake. Anashukuru. Kisha asubuhi moja mafungu yanapungua moja, ingawa watu wa nyumba bado hawajapungua. Hamna damu, jini wala mchawi. Aliyeokota sikumtaja kwa sababu sikumjua, na hadi leo simjui.

Shamba la hadithini ni hilo hilo la kaka. Nimeuandika mti wenye kovu la radi na kichuguu cha mstari wa tatu, kwa kuwa sioni sababu ya kubuni mti wakati mti upo. Vibarua walikuwa wakisomeana kitabu jioni baada ya kazi. Asubuhi ile watu sita wakakuta mafungu matano.

Mafungu yalikuwa ya wifi yangu, mke wa kaka. Jana yake alipita shambani, akaokota kidogo, adhana ya magharibi ikamkuta, akayaacha hapo. Aliwafuata vibarua akawaeleza hivyo mbele yangu.

"Tangu lini wifi akamtetea wifi yake?" mmoja wao akasema. "Hapo mmepanga."

Wakaendelea na njia yao.

Kaka alinisubiri barazani. Boksi la nakala zilizobaki lilikuwa nyumbani kwake, kwa sababu paa langu linavuja. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na korosho zikilowa chini huwa nyeusi. Zikifika chama cha msingi cha ushirika, tunakouzia, zinashushwa daraja.

"Mdogo wangu, nimevumilia," alisema. "Watu wananiuliza dada yako anaongea na nani akiandika, najibu anaongea peke yake. Sasa umenifukuzia vibarua. Vitabu hivi nitavichoma leo."

"Niachie shamba. Nitaokota mimi. Mvua ikikuta korosho hata moja chini, choma."

"Ekari nne?"

"Wifi atanisaidia."

"Na ukishindwa utaacha kuandika?"

"Hapana. Ukivichoma nitaviandika upya. Tunabishania boksi, hatubishanii kuandika."

Alicheka bila furaha, akakubali. Naamini alidhani nitarudi kabla ya adhuhuri.

Nilianza na mistari ya mashariki, ambako jua huwahi. Nilifagia chini ya mti, nikaokota, nikatenganisha, nikajaza ndoo, nikahamia mti unaofuata. Kiuno nilikifunga kitenge. Wifi alikuja kila alipomaliza kupika. Siku ya pili niligundua kwamba siweki mafungu. Kila korosho naitupa moja kwa moja kwenye ndoo, na ndoo naiburuta nyuma yangu kila hatua, jambo linalochelewesha kazi sana. Nilikuwa nakiogopa kitabu changu. Nikaanza kuweka mafungu kama watu wote wanavyofanya. Kuyahesabu sikuyahesabu.

Habari ilifika Matambarale, kwa bibi mmoja ambaye ni mtani wa ukoo wetu. Kwetu mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukutania hata msibani, maiti akiwa ndani. Anaweza kuteka kitu chako mchana kweupe, nawe ukakikomboa kwa fedha. Na ukikasirika, aibu ni yako. Bibi huyo alikuja kwa bodaboda. Hakupita shambani; haya nilisimuliwa baadaye. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la maji wanakochota vibarua, akajinyoosha katikati ya njia na kujifunika khanga hadi usoni.

"Nimekufa!" akapaza sauti. "Fungu langu halikuonekana. Nizikeni! Na sanda iwe mpya, msinifunge gunia la korosho!"

"Bibi, amka, unatutia nuksi," akamwambia yule mama aliyenielekeza nikaangalie mwenyewe.

"Maiti haamki. Maiti anataka mkamwokotee korosho yule mwandishi mwenye sura ya bibo lililokauka. Mkirudi mtamkuta maiti anakunywa uji."

Mama alijizuia, akashindwa, akacheka hadi akaweka ndoo chini. Kesho yake walirudi wanne. Wawili hawakurudi msimu ule, nami sikuwafuata kuwabembeleza.

Tuliokota watu sita, pamoja na mimi na wifi. Mvua ilitukuta mstari wa mwisho, imebaki miti miwili. Kaka alikuwepo. Aliitazama ile miti, akanitazama, akageuka kwenda nyumbani. Ni mtu wa kutimiza ahadi. Nilimfuata pamoja na wifi, nikiwa nimelowa, tayari nikiwaza hadithi ipi nianze kuiandika upya.

Barazani tulimkuta bibi mtani, ambaye bado hajarudi kwao, amelitoa boksi ndani na kulikalia, anakula muhogo.

"Mtani, toka hapo," kaka akasema. "Hilo boksi nina kazi nalo."

"Nimeliteka. Komboa."

"Nikomboe kitu ninachokwenda kukichoma?"

"Usipokomboa naondoka nalo Matambarale. Mvua yenyewe hii, nitajikinga kila mlango, na kila mlango nitasema nyumba ile imeshindwa kukomboa karatasi."

"Na nikikomboa nitachoma vile vile."

"Wewe? Nakujua tangu unatambaa. Hujawahi kuchoma kitu ulichokitolea fedha."

Wifi aliingia jikoni haraka, tukamsikia akichekea huko. Kaka aliuangalia ua uliojaa maji, akaniangalia mimi. Sikuomba kitu. Nilimwambia tu kwamba kitabu cha pili nimeshakianza, na mti wenye kovu la radi umo tena.

"Astaghfirullah," akasema, na mkono ukaingia mfukoni.

Bibi alitaka elfu ishirini. Kaka alianza na elfu tano. Walibishana hadi mvua ikapungua, na boksi langu likakombolewa kwa shilingi elfu kumi na moja na mia tano.