Dawa ya Moyo Usio Wake

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani, na kama mafundi wengi, ana maneno kuliko nyuzi. Mteja akilalamika kwamba gauni linabana, humjibu, "Gauni liko vilevile, ni wewe uliyeongezeka." Kwa hiyo siku mkunga alipoweka kipimo tumboni kwake, akasikiliza, kisha akasikiliza tena, nilitegemea wifi atatania. Hakutania. Alinishika mkono.

Moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda mbio mno. Daktari alituonyesha kwenye skrini: kitu kidogo kinapepesa kama kope, hakingoji hata kijae damu. Ukienda hivyo kwa muda mrefu, alisema, moyo huchoka, na maji huanza kujikusanya mwilini mwa mtoto. Mtoto anaweza kutupotea.

"Tutampa dawa, ila itapitia kwako," alimwambia wifi. "Utameza wewe, iingie kwenye damu yako, kisha kondo la nyuma limfikishie mtoto."

"Lakini moyo wangu mimi si mzima?"

"Mzima kabisa. Ndiyo maana tutaupima kila mara, tusije tukauharibu."

Basi akawa anameza. Kichefuchefu kikamwandama, akawa anashona beseni likiwa chini ya meza. Hakulalamika, na hilo lilinitia hofu kuliko kutapika kwenyewe. Kwenye kipimo kilichofuata moyo wa mtoto ulikuwa umetulia. Tulirudi nyumbani tukicheka ovyo.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la nyumba yetu nzima: tukiona nafuu tu, vidonge vinasukumiwa kabatini. Aliacha dawa bila kumwambia mtu. Akala, akalala, mashavu yakarudi. Tulipokwenda tena kliniki, mbio zilikuwa zimeanza upya, na maji kidogo yanaonekana tumboni mwa mtoto.

Nilikasirika, sifichi. Tukielekea wodini nilimwambia, "Wifi, wewe umepona nini? Kwani mgonjwa alikuwa nani?"

"Nilijisikia vizuri," alisema, "nikajua tumepona wote."

Nikambebea mkoba.

Alilazwa, akabandikwa nyaya za kipimo kifuani, akawa anameza kila kidonge mbele ya muuguzi kama mwanafunzi aliyekamatwa. Safari hii moyo wa mtoto ulichelewa kutii, lakini ulitii. Maji yakapungua, siku zake zikatimia, akajifungua mtoto wa kiume mwenye sauti ya kugombana.

Kesho yake nilimkuta wifi ameketi kitandani, machozi yanamtoka. Pembeni muuguzi alikuwa anamdondoshea mtoto dawa mdomoni, maana ataendelea nayo kwa muda. Mtoto akakunja uso, akameza.

"Kuna nini tena?" nikauliza. "Si mzima?"

"Mzima," alisema wifi. "Nimewaomba nimeze mimi. Wanasema sasa haitamfikia."