Jina la Mama na Ugonjwa wa Mama

Ipo siku moja, mwanangu Ndunge, ambayo kila nikiikumbuka natamani ningeamka nikiwa bubu. Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, na wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yako Mumbua alikuja nawe hapa kwangu Wamunyu na gari jipya, akanishushia sukari, unga wa ngano na kitambaa cha kushona rinda. Nilimkumbatia mdogo wangu nikamwambia karibu, na wakati huohuo nilikuwa namwonea wivu.

Wivu wenyewe ulikuwa wa zamani. Mama yetu alipougua mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, Mumbua kumi. Shangazi wa Kithimani alikuja akamchukua Mumbua akamsomeshe, na mimi nikatolewa shule nibaki na mgonjwa. Mama alikuwa na kidonda kwenye titi la kushoto. Hakutaka mtu ajue. Hata baba aliambiwa ni kifua tu. Mimi ndiye niliyekiosha kile kidonda kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni, na mimi ndiye niliyefua vitambaa na kuvianika nyuma ya ghala ili visionekane. Alikufa akiwa na miaka arobaini na miwili. Mumbua aliletwa mazishini amevaa sare ya shule na soksi nyeupe, na nakuambia ukweli, nilizitazama zile soksi kuliko nilivyolitazama jeneza.

Halafu likaja jambo la jina. Unajua sisi Wakamba binti wa kwanza humwita kwa jina la mama ya mume, wa pili ndiye hupewa la mama ya mke. Mimi Mungu alinipa wavulana wanne na binti mmoja tu, basi jina la mama halikupata mahali pa kukaa nyumbani mwangu. Mumbua alimzaa dada yako Mwikali, kisha akakuzaa wewe, na jina la mama, Ndunge, likaenda nyumbani kwake Syokimau, kwa mtu ambaye hakuwahi kuosha kile kidonda hata mara moja. Nilikuja kukuona nikiwa nimebeba unga wa uji. Nikakushika, nikakuita mwaitu, mama yangu, kama inavyotakiwa, nikarudi nyumbani nikalia siku nzima. Watu walidhani ni furaha.

Sasa turudi Pasaka ile. Mumbua alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na alikuwa amepigwa picha ya matiti Nairobi. Picha haikuonyesha kitu. Lakini daktari alimweleza kwamba yeye ana matiti yenye nyama nzito, iliyoshikana. Nyama ya namna hiyo hutoka nyeupe kwenye picha, na uvimbe nao hutoka mweupe, kwa hiyo kuutafuta ni kama kutafuta punje ya chumvi ndani ya unga. Si ugonjwa, wanawake wengi wako hivyo, na huwezi kujua kwa kushika. Picha ndiyo husema. Daktari alimuuliza kama kuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuugua titi. Kama yuko, angemwongezea kipimo kingine. Kama hakuna, arudi baada ya miaka miwili. Mumbua hakujua ajibu nini, ndiyo maana akaja.

Akaniuliza, "Dada, mama aliugua nini hasa? Wewe ndiye ulikuwa naye."

Mwanangu, mdogo wangu alikuwa na masomo, gari, nyumba ya mawe na jina la mama. Hapo nikaona kuna kitu kimoja ambacho hakuwa nacho, na kilikuwa mikononi mwangu, na nilisikia raha. Kwanza nilijificha nyuma ya desturi. Nilimwambia kwetu ugonjwa wa marehemu hautajwi mbele ya mtoto aliyebeba jina lake. Akakutuma nje ukaone mbuzi, akaniuliza tena, taratibu. Nikamwambia lilikuwa tumbo.

Alinishukuru, akanywa chai, akaenda zake. Alimpelekea daktari jibu langu na akaambiwa arudi baada ya miaka miwili.

Mwezi wa nne ukapita, wa tano, wa sita, wa saba. Nilikuwa nalala usingizi mzuri tu, usidhani nilikuwa nateseka. Nilijiambia picha ilikuwa safi, basi kuna ubaya gani. Mwenye wivu hakosi sababu.

Mwezi wa nane wewe ukaja kwangu kwa likizo. Tulikuwa tumekaa pale mlangoni tunaambua mbaazi, na mimi nakuita mwaitu, mwaitu, lete ungo, mwaitu, sogea kivulini. Ukasema, "Anti, mama alisema nisikuulize mambo ya susu, nyanya yetu, juu utaumia. Alisema hakuna mtu alimpenda susu kama wewe."

Nikaacha kuambua. Miaka yote ile nilidhani Mumbua hajui uzito wa nilichofanya kwa mama. Kumbe alijua, na alikuwa anawafundisha hivyo watoto wake.

Ukaendelea, bila hata kuniangalia, "Lakini si mimi ni mama yako? Basi niambie mimi."

Nimewahi kukemewa na wazee wengi, mwanangu, na wengine walinikemea kwa fimbo. Hakuna aliyenifikia pale uliponifikia wewe na ungo wako wa mbaazi. Nilikuambia yote, kidonda, vitambaa, ghala. Halafu nikapanda hadi kanisani, ambako simu zilikuwa zinashika, nikampigia Mumbua nikamwambia lilikuwa titi, la kushoto, na umri wa mama. Kisha akasema asante dada.

Alirudi kwa daktari wiki ileile. Safari hii walimpaka ile dawa baridi na kumpitishia mashine kama mjamzito, na wakaona kitu chenye ukubwa wa punje ya ndengu. Wakatoa kinyama wakakipima. Ilikuwa saratani. Walimkata titi, akapata dawa zilizomnyoa nywele, na leo ana miaka sitini na mmoja na bado ananishinda kwa kicheko. Daktari alisema wamewahi. Lakini miezi minne ile niliila mimi, na kila mwaka anapokwenda kupimwa mimi sili chakula mpaka anipigie.

Nikuchekeshe kidogo? Hata pale hospitalini, nilipoona wageni na matunda kitandani kwake, wivu ulinyanyua kichwa. Ni daktari wake aliyeniuliza kama mimi nimepimwa. Nilishtuka. Nilikuwa nimemfungia mlango mdogo wangu nikasahau kwamba na mimi ni binti wa mama yuleyule. Nilipimwa, nikapatikana salama, na sijaacha kwenda.

Hayo ya wivu sikuwahi kumwambia Mumbua. Anadhani nilimficha kwa huzuni.

Nakuambia wewe leo kwa sababu ya maneno yako ya juzi. Umesema umepimwa ukiwa na miaka thelathini na mmoja, umeambiwa nyama yako ni nzito kama ya mama yako na urudi kwa kipimo cha pili. Vizuri. Halafu ukaniomba nisimwambie Mwikali, kwa sababu hamsemeshani tangu harusi yake, na ukasema ajitafutie mwenyewe. Nilipokusikia nilijisikia mimi.

Basi nisikilize. Rudi kwa kile kipimo, na picha ikiwa safi usiridhike mpaka uulize ilionaje ndani ya nyama nzito. Usingoje umri wanaoungoja wengine. Mwambie daktari susu wako alikufa na miaka mingapi na mama yako aliugua na mingapi, akupangie yeye. Uliza na upande wa baba yako, kwa maana nao umo. Na leo hii, kabla ya kulala, mpigie Mwikali umweleze yote uliyoambiwa. Mkasirikie mambo ya harusi ukitaka, ila hili ni lake pia. Na mimi nitampigia mama yako nimwambie ilikuwa wivu.

Sogea, mwaitu. Fungua kifungo cha juu nikutemee mate ya baraka kifuani, kama mama alivyonitemea mimi siku yake ya mwisho. Mungu akilinde kifua hiki, na cha Mwikali, na uzeeke mpaka uchoke kuhesabu wajukuu. Haya, chukua simu.