Kura ya Diwani Zeena

Zeena alizaliwa Tabora, akaletwa Toronto angali msichana. Alipochaguliwa diwani mwaka 2003, wengi katika kata yake upande wa Agincourt walimjua tu kama mke wa Murad, mwenye duka la dawa. Alihangaikia taa za barabarani, theluji isiyozolewa na lifti mbovu za maghorofa. Watu wakampenda, wakamrudisha tena bila taabu.

Majira ya baridi ya 2008, Domina, Mtanzania mwenzake aliyekuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa, alimpigia simu kumwombea Polycarp, muumini mwenzake, pa kulala. Polycarp alikuwa dereva wa teksi; ndoa ilivunjika, afya ikamtupa mkono, na sasa hakuwa hata na chumba. Zeena aliuliza huku na huku. Kata yake haikuwa na makao ya wasio na nyumba, na yale ya katikati ya jiji yalikuwa yamejaa. Alimwambia Domina wangoje mpaka Jumatatu, ofisi zifunguliwe. Jumapili asubuhi Polycarp alikutwa nyuma ya kanisa hilo, amekufa kwa baridi.

Wazikaji walikuwa wachache. Zeena alisimama kando ya kaburi pamoja na Domina.

Tangu hapo alipigania makao yafunguliwe katani kwake. Wakazi wakaja juu. Kwenye mkutano wa hadhara, Mahmood, jirani yake wa miaka mingi, alisema diwani anawaletea walevi mlangoni. Wateja walipoanza kulikwepa duka, Murad naye alimsihi angoje uchaguzi upite.

"Nilishangoja mara moja," Zeena alimjibu. "Mpaka Jumatatu."

Baraza lilipiga kura, makao yakapita. Na mwaka 2010 wapiga kura wakamwangusha Zeena vibaya. Siku ya ufunguzi wa makao, diwani mpya ndiye aliyekata utepe. Ilimuuma, wala hakujidai kwamba haikumuuma. Aligombea tena 2014, akashindwa.

Majira ya baridi yaliyofuata, Mahmood alibisha hodi kwake. Hakutaka kuketi. Alieleza kwamba mdogo wake, Mansoor, amezidiwa na pombe, mkewe amemfukuza, na yeye mwenyewe kumweka nyumbani kumemshinda.

"Dada Zeena," alisema, macho chini, "naona haya kumpeleka kule makaoni peke yangu."

Zeena alivaa koti, wakatoka. Mansoor alikuwa garini, amejikunyata kiti cha nyuma. Zeena akafungua mlango, akaketi kando yake.