Ndoo ya Bibi Minza

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikiikumbuka najicheka kwanza, halafu naona aibu. Nilikuwa kijana mchimbaji, nguvu tele, akili likizo. Shimo letu, huku jirani na Katoro, lilihitaji matimba, yale magogo ya kushikilia kuta zisituangukie. Nikaona uvivu kwenda mbali. Nikaingia kwenye ngitili, msitu wa malisho tulioachiwa na wazee, nikakata miti yote iliyozunguka chemchemi.

Kiangazi kilipofika, chemchemi ikakauka. Kijiji kizima hakina maji!

Watu walitaka nifukuzwe. Bibi Minza, shangazi yake baba, akawatuliza. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Heri angenichapa.

"Kijito cha chemchemi hii kinashuka mpaka ziwani," akasema. "Hao wanaokunywa kule chini, uliwaomba ruhusa?"

Akanikabidhi ndoo yake.

"Basi maji utachota wewe. Ya kwangu, na ya miche nitakayopanda hapa."

Hebu fikiria! Mwanaume mzima, ndoo kichwani, saa nzima kutoka bwawani. Vijana wa bodaboda walisimama kabisa ili wanicheke vizuri. Lakini yule bibi, acha tu! Mgongo umepinda, na bado kila asubuhi nilimkuta keshapiga magoti, anapalilia miche kwa mikono. Nikinuna, ananitania: "Taratibu, bibi harusi, utamwaga." Mwaka wa kwanza nilimchukia. Baadaye nikawa siwezi kukaa siku mbili bila kumwona. Ila shikamoo yangu, hata mara moja hakuipokea.

Miaka ikapita, miti ikashika. Asubuhi moja nikakuta udongo umelowa, na baada ya siku chache maji yakaanza kutiririka. Bibi alikuwa kitandani, miguu imegoma. Nikampelekea kikombe.

"Shikamoo, bibi."

Akanywa yote, akafuta mdomo.

"Marahaba, mwanangu. Sasa tua ndoo."

Nililia, sikufichi.

Nimesikia na wewe unatafuta matimba. Tafuta, kazi ni kazi, lakini nunua kwa waliopanda miti ya kuuza. Ya kwenye chemchemi usiiguse, na ukimwona mwenzako na shoka pale, mzuie. Panda mti mmoja kila mvua zinapoanza, uumwagilie mwenyewe. Mungu akupe moyo wa yule bibi, na ukizeeka usikose wa kukuletea kikombe cha maji ya hapa hapa nyumbani.