Ufunguo wa Pili

Shule yetu ya bweni, upande wa Nyamira, ilitukataza kuja na kufuli za nyumbani. Ulipewa ya shule, yenye ufunguo mmoja. Wa pili ulibaki kwa mwanamke aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu, kwenye pete kubwa iliyolia kiunoni mwake popote alipopita. Sisi tukiwa darasani, yeye yuko bwenini akipekua masanduku yetu ya bati. Huko kupekua alikuita kulea. Mimi naita udaku wa kulipwa mshahara. Na chumba chake mwenyewe alikifunga kwa kufuli mbili, lakini ndiyo hivyo, nyani haoni kundule.

Nikiwa kidato cha pili akafungua langu, akakuta vidonge kwenye kitambaa. Mama alinipa kwa sababu tumbo la mwezi lilikuwa likinilaza chini. Huyu msomi wetu, mwenye digrii, akaamua ni vya kuzuia mimba. Hakuniuliza. Alimwita baba, akatangaza kwamba nisipojieleza mbele ya mzazi, nafukuzwa.

Baba aliacha kuchuma majani chai akaja na koti lake la kanisani, kofia mkononi. Ofisini sanduku langu lilikuwa wazi juu ya meza na vitu vimetandazwa: chupi, vitambaa vyangu vya mwezi, vyote. Naibu alikuwa Mgusii kama sisi. Aliijua chinsoni, ile haya baina ya mzazi na mwana inayomkataza baba hata kukalia kitanda cha binti yake. Aliinyonya kwa mama yake, kisha akaitupa kwa kuwa alikuwa na pete ya funguo. Mtu wa bure kabisa!

Baba aliiona meza mara moja tu, akageuka kutazama ukuta. Naibu akaniamuru niseme vidonge ni vya nini. Jibu nilikuwa nalo, ila kulitamka mbele ya baba kulinishinda, afadhali kufukuzwa. Nikanyamaza nikilia. Naibu akamwambia baba kimya changu ni ushahidi tosha, asiye na makosa hana cha kuficha. Baba akamjibu akiwa vilevile, uso ukutani.

“Mwalimu, funika vitu vya mtoto wangu. Habari ya dawa, mwite mama yake.”

Kesho yake mama alikuja akaeleza. Naibu akasema basi, yameisha, nirudi darasani. Radhi hakuomba. Watu wa aina ile hudhani radhi ni ya wadogo wao.

Lakini nyumbani hayakuisha. Likizo nzima baba hakunitazama usoni, na nikiingia sebuleni yeye hutoka. Niliamini nimempoteza, na nilimchukia yule mwanamke kwa hilo. Siku moja kabla ya kufungua shule, baba akaenda Kisii mjini, kwenye duka la Mhindi, akanunua kufuli. Alimpa mama aniletee pamoja na ufunguo mmoja. Wa pili akabaki nao, na ujumbe kwa naibu akautuma kupitia mama.

Siku ya kufungua, kwenye foleni ya ukaguzi wa masanduku, naibu aliona kufuli yangu si ya shule, akanyoosha mkono mbele ya wote, akidai ufunguo wa pili.

“Uko kwa baba,” nikamwambia. “Amesema uende nyumbani umwombe.”

Akanitazama, akatazama chini, kisha akamwita msichana aliyenifuata. Nilimaliza kidato cha nne na kufuli ile. Baba alipofariki tuliukuta ufunguo kwenye mfuko wa koti la kanisani, ungali na grisi ya dukani.