Amina ya Mama Kengele

Fundi cherehani huyo walimwita Mama Kengele kwa sababu ya sauti yake. Kwenye ibada, kila dua ilipoisha, yeye ndiye aliyeitikia amina ya kwanza, ukumbi mzima ukamfuata. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Ilimwotea tu, kama chunjua.

Wiki ya uchaguzi, mkwewe, dereva wa mgombea, alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Suruali imekubana tena?"

"Leo si suruali. Bosi ataomba dua kwenye ibada. Wewe itikia kwa nguvu. Ukiwasha wewe, wote wanawaka. Mambo yakienda vibaya, mimi ndiye nitakayerudisha funguo za gari."

"Dua ni dua," alisema, akakanyaga cherehani. Mkwe haambiwi hapana usoni. Kijana akaondoka anapiga mluzi. Mama Kengele akashona kola, akaifumua, akaishona upya, bado imepinda.

Mgombea aliomba vizuri. Mvua inyeshe. Amina! Wagonjwa wapone. Amina! Kisha, kwa sauti ileile tamu: "Na wanaotupinga, Mungu, uwazibe midomo, wao na watoto wao."

Nyuma ya Mama Kengele aliketi jirani yake, muuza maji, aliyempinga mgombea waziwazi. Alimpakata mwanawe, ambaye bado hajaanza hata kusema. Kinywa cha Mama Kengele kikagoma. Ukumbi ukamsubiri. Feni ikasikika. Mkwe peke yake akasema "Amina," nyembamba, kisha akajikohoza.

Jioni binti yake aliingia bila hodi.

"Funguo wamezichukua! Mama, neno moja tu lingekugharimu nini?"

"Mtoto wa watu alikuwa nyuma yangu."

"Na wangu je? Wao watakula nini?"

Mama Kengele aliinama. Aliokota vipande vya uzi sakafuni hata pasipo na uzi.

Ibada iliyofuata, kiongozi alimwombea mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Dua ilipoisha, Mama Kengele alikabwa na kohozi. Watu wakageuka kumtazama, huyu kanuna, yule anamkonyeza kana kwamba wamekula njama.

"Amina!" alipaza, karibu kwa hasira, na ukumbi ukaitikia.

"Leo amekubali," mtu akanong'ona nyuma.

Hakugeuka. Vidole vyake vilikuwa vikifumua upindo wa mtandio wake mwenyewe.